Usaha wa sikio usizoeleke

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu magonjwa ya masikio. Nashukuru mlivyoeleza habari za nta na za kizunguzungu, lakini sikio linalotoa usaha bila kukoma mmelipa mstari mmoja tu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Binti yangu alianza kutoka usaha sikio la kushoto akiwa na miaka 5. Mwanzoni ulikuwa mwepesi na mwingi. Baadaye ukapungua, ukawa wa kijivu, wenye harufu ya kitu kilichooza. Kila asubuhi nilikuta doa kwenye foronya, nikafua. Hakulalamika maumivu, nami nikajipa moyo kwamba utakauka akikua. Kituo tulichokuwa tukienda kilitupa matone. Tukirudi, tunapewa matone mengine. Kwa miaka 4 sikumbuki mtu aliyeshika ile tochi yenye mdomo mwembamba akachungulia ndani. Jirani aliniambia kwa huruma kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nikamwamini.

Asubuhi moja alipokuwa anapiga mswaki, maji yakawa yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia afumbe macho. La kushoto likabaki wazi.

Siku hiyohiyo tulifika kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, akapigwa picha ya CT, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno kolesteatoma. Si saratani. Ni ngozi ya kawaida iliyoingia mahali pasipo pake, ndani ya sikio la kati, mara nyingi baada ya ngoma ya sikio kuvutwa ndani ikafanya kifuko. Ngozi hiyo hubambuka kama ngozi yoyote, ila maganda yake hayana pa kutokea. Hurundikana, huingiwa na bakteria, ndiyo maana ya ile harufu, na taratibu hula mfupa. Hula vile vifupa vitatu vinavyopitisha sauti: nyundo, fuawe na kikuku, ambacho urefu wake ni milimita 3 hivi. Hula mfereji wa mfupa unaopitisha mshipa wa fahamu wa uso, na hapo ndipo ilipokuwa imefika kwa mwanangu. Juu ya sikio la kati kuna paa jembamba la mfupa, na juu ya paa hilo ni ubongo. Likitoboka, mtu anaweza kupata jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo. Na yote hayo yaweza kwenda kimyakimya, bila maumivu.

Matone hayawezi kuondoa kitu hicho. Hukausha usaha kwa muda, tunafurahi, kumbe kinaendelea kukua. Tena baadhi ya matone, kama yale ya gentamaisini, yanaweza kudhuru sikio la ndani ikiwa ngoma imetoboka. Sasa mtu anajuaje kama imetoboka bila kuchungulia?

Sitaki kuwatia wazazi hofu. Masikio mengi ya watoto yanayotoa usaha hayana kolesteatoma, na hupona. Ombi langu ni mwandike makala nyingine, ya usaha peke yake. Waambieni wasomaji kwamba ukipita wiki 2, sikio lisafishwe na lichunguliwe na mtu anayejua anachokitafuta, hasa kama linanuka au mtoto ameanza kusema "eeh?" kila anapoitwa. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, uso uliopinda, kizunguzungu, au homa na kichwa kuuma sana, usingoje kesho.

Binti yangu alifanyiwa upasuaji. Uso umerudi, isipokuwa akicheka sana ndipo utaona upande mmoja unachelewa. Usikivu wa sikio la kushoto haukurudi. Tukikaa kula huvuta kiti chake mpaka niwe kuliani kwake, hata sijui alianza lini. Mwezi ujao anapigwa picha ya MRI, kwa kuwa chembe ndogo tu ya ngozi ile ikisalia, huota upya.

Wako,
Mama wa mtoto wa miaka 10