Lile swali lako la kantri roki

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya lile swali: je, kantri roki si kantri ileile ya Jim Reeves waliyoipenda wazee wetu redioni, ila imeongezewa ngoma? Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja, nimeshindwa.

Tafuta albamu ya Byrds ya mwaka 1968, Sweetheart of the Rodeo. Hao walikuwa vijana wa roki wa Los Angeles. Kiongozi wao, Roger McGuinn, alikuwa na mpango wa kusimulia historia nzima ya muziki wa Marekani, kuanzia nyimbo za mashambani hadi ala za kielektroniki. Akamwajiri Gram Parsons, kijana wa miaka 21 kutoka Kusini mwa Marekani, akidhani amepata mpiga piano. Kumbe kijana kaja na kantri moyoni! Chris Hillman, mpiga besi wa bendi aliyeanza na mandolini, akamuunga mkono, na ule mpango mkubwa ukafa.

Machi wakaenda kurekodi Nashville kwenyewe, makao ya kantri. Huko ndiko alikoingia Lloyd Green na gitaa la stili, lile linalolala mbele ya mpigaji, mkono ukitelezesha chuma juu ya nyuzi na miguu ikibonyeza pedali. Msikilize vizuri. Sauti inapanda kama mtu anayezuia kilio, na ngoma za roki hazimkimbizi.

Wakiwa huko walipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri linalorushwa redioni, na baadhi ya watu wakawazomea kwa nywele zao ndefu. Ilikwisha kutangazwa kwamba Parsons ataimba wimbo wa Merle Haggard, mwimbaji wa kantri. Akageuza palepale, akamwimbia nyanya yake wimbo wake mwenyewe, Hickory Wind, wa mtu aliye mbali anayekumbuka miti ya kwao. Waandaaji walikasirika. Mimi hadi leo namvulia kofia.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Kampuni nyingine ya rekodi ikadai ina mkataba na Parsons, na katika baadhi ya nyimbo sauti yake ikaondolewa, McGuinn akaimba upya. Julai, kabla albamu haijatoka, Parsons akaihama bendi wakiwa London. Bendi ilikuwa na ziara ya Afrika Kusini, naye alisema hatakwenda kuimba mbele ya watazamaji waliotenganishwa kwa rangi. Wenzake wengine hawakuamini kwamba hiyo ndiyo sababu. Mimi naona hata kulitamka tu wakati ule lilikuwa jambo. Alifariki mwaka 1973, ana miaka 26.

Albamu haikuuza sana. Zile sauti zake zilizoondolewa zilianza kutolewa mwaka 1990, na nimekuwekea zote mbili, yake na ya McGuinn, kwenye flashi ninayokutumia. Lakini anza na ule wa nyanya, huo hawakumwondoa.

Ukija mwezi ujao, beba gitaa. Nataka tuujaribu pale kwetu, nyanya yangu akiwa amekaa barazani. Wewe uongoze, mimi nitashika sauti ya pili.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako