Kuhusu lile jiwe la Aprili 2029

Katuba, Lubumbashi

Kwako ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Tuko salama, na mama anakusalimia sana. Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia, ya yule mtu anayesema jiwe litaanguka tarehe 13 Aprili 2029 na dunia itaisha siku hiyo. Uliponiambia kwamba Neema naye ameisikia na sasa anaogopa kulala, roho iliniuma. Huko Bukavu mmekwisha kuona mambo ya kutosha. Mtoto asiongezewe hofu isiyo na mzizi. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu, umsomee.

Jiwe lipo kweli. Ni asteroidi, yaani jiwe la angani linalolizunguka jua, inayoitwa Apophis, upana wake kama mita 340, na iligunduliwa Juni 2004 kutoka kituo cha kutazama nyota cha Kitt Peak, Arizona, Marekani. Mwanzoni ilionekana siku chache tu ikapotea, mpaka Desemba. Ukiwa na kipande kifupi hivyo cha safari yake, huwezi kuchora mstari mmoja wa kule inakokwenda. Unachora ukanda mpana, na Dunia yetu ilikuwamo ndani ya ukanda ule. Tarehe 27 Desemba uwezekano wa kutugonga mwaka 2029 ulifika asilimia 2.7. Ilikuwa siku moja baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, dunia nzima inalia, wachache sana walisikia habari hiyo. Kisha zikapatikana picha za Machi mwaka uleule ambamo jiwe lilikuwa limenaswa bila mtu kulitambua. Nukta hizo za nyuma ziliurefusha mstari, ukanda ukabana, Dunia ikabaki nje. Huyo wa kwenye sauti ameokota hesabu ya Desemba 2004 na kuitupa miaka yote iliyofuata, na hilo linanikasirisha, maana anawatisha watoto wa watu.

Kilichowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni miaka ya baadaye, 2036 na 2068. Kuna nguvu moja ndogo ambayo mimi naipenda kuliko yote katika habari hii. Jua linaupasha upande mmoja wa jiwe, jiwe linajigeuza, na joto lile linatoka baadaye kuelekea kwingine, kama ukuta wa matofali unaokupa joto ukiuegemea saa moja ya usiku. Joto linapotoka linalisukuma jiwe. Msukumo ni mdogo mno, lakini hausimami mwaka hata mwaka, na unaisogeza obiti yake, ile njia ya kulizunguka jua, kwa karibu mita 200 kila mwaka. Bila kuujua msukumo huo huwezi kuapa juu ya 2068. Basi Machi 2021, jiwe likiwa umbali wa kilomita milioni 17, walilipiga kwa rada kutoka Goldstone, California, na mwangwi ukapokewa Green Bank, West Virginia. Wakajua lilipo kwa kukosea kama mita 150 tu. Kutoka hapo NASA, shirika la anga la Marekani, ikasema wazi: kwa miaka 100 ijayo, angalau, halitatugonga.

Mwambie Neema hivi kuhusu siku yenyewe, Ijumaa. Jiwe litapita kilomita zipatazo 32,000 juu ya ardhi. Zile setilaiti zinazoleta picha kwenye dishi lenu ziko juu zaidi, kama kilomita 36,000. Kwa ukaribu huo Dunia itaivuta njia ya jiwe na kuipinda: leo linalizunguka jua kwa siku 324, baada ya usiku ule litahitaji zaidi ya siku 400. Sisi tutakuwa tumelala au tunakula, na sayari yetu inaibadilisha njia ya mlima mzima. Kila nikilifikiria, usingizi unapotea.

Na tutaliona kwa macho, bila chombo. Litatokea upande wa Bahari ya Hindi, livuke juu ya Afrika kwenda magharibi. Saa litakapokuwa karibu kabisa, saa sita kasoro robo hivi ya usiku kwa saa yetu, litakuwa limekwisha kutupita na liko juu ya Atlantiki. Kwa hiyo msingoje saa hiyo. Tokeni nje giza likiingia tu. Halina mkia wala moto. Litafanana na nyota ya kawaida, isiyong'aa sana, ila inahama. Mwezi hautaonekana, giza zuri, usiku ule ambao wavuvi wa sambaza huingia Kivu na taa zao. Shida yenu ni mvua ya Aprili. Huku kwetu masika yanakuwa yanaisha, kwa hiyo mawingu yakiwazibia nitakupigia simu nimweleze Neema liko wapi dakika kwa dakika.

Aanze kujifunza sasa. Kila Aprili, umeme ukikatika, mtoe nje umwonyeshe Msalaba wa Kusini na nyota zilizo jirani nao, moja moja, mpaka azizoee. Asiyezijua nyota zinazokaa hatamtambua mgeni anayepita. Na akiwa na swali, aliandike mwenyewe kwa mkono wake, umpigie picha unitumie.

Msalimie mama Neema na jirani zako wote wa Kadutu.

Ndugu yako,
Ilunga