Kwa mdogo wangu, mpendwa wa wote

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Mrefu kama hotuba, na ndani yake neno moja tu: cheo nimekikosa kwa sababu watu hawanipendi. "Kazi unaijua, dada, hilo hakuna anayebisha. Ila hupendeki." Kisha ukaniandikia dawa. Nitabasamu, nisalimie watu kwa majina yao, niache kusahihisha wakubwa mbele za wenzao, nijifunze kucheka. Ukamalizia kwa "nakupenda", na najua hukusema uongo.

Ningekujibu kwa simu, lakini kwa simu wewe hunishinda. Sauti yako ikilainika tu, nasahau nilichokasirikia. Kwa hiyo naandika, tena hadharani, maana hata lile lililoniuma lilitendeka mbele za watu.

Nianze kwa kukupa haki yako. Unayosema ni kweli. Mwaka 2005 watafiti wawili, Tiziana Casciaro na Miguel Sousa Lobo, waliandika katika jarida la Harvard Business Review yale waliyoyakuta makazini: ukiwauliza watu, watakwambia wanachotafuta kwa mwenzao ni ujuzi. Ikifika saa ya kuchagua wa kukaa naye, wanamruka hodari mwenye maudhi na kumwita mpole anayebabaisha kazi. Mtu akishachukiwa, ujuzi wake karibu hauhesabiwi. Mimi sikuhitaji jarida kuniambia, ila nimelisoma.

Na wewe jambo hili hukufundishwa na mtu. Ukikaa na mtu humwulizi swali moja kisha ukageukia mambo yako. Unauliza, anajibu, unaanzia palepale alipoishia: "Halafu akasemaje?" Wapo watafiti wa Harvard waliolichunguza hilo hilo, wakachapisha mwaka 2017: anayeuliza maswali ya kufuatilia jibu hupendwa zaidi na anayezungumza naye. Wewe ulikuwa unalifanya hata meno ya utoto hayajakutoka. Mama anakuja kukukaripia, anaishia kukusimulia siku yake ilivyokwenda. Na habari ya kioo cha sebuleni sisemi kitu. Unajua wewe, najua mimi, na adhabu niliipata mimi.

Sikuonei wivu. Haya, kidogo.

Lakini kuna siku hujawahi kuitaja, nami sijawahi kuisahau. Kile kikao. Mkubwa wetu wa wakati ule alipoanza kuniigiza, kidole juu, "samahani, hesabu hizi hazioani", sauti ameibana puani kama mimi nikiwa na mafua. Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi sikuwatazama wao, nilikutazama wewe. Ulikuwa umeuma kifuniko cha kalamu. Ukaangalia makaratasi yako, ukamwangalia yeye, ndipo ukacheka. Ulichelewa. Wenzako walikuwa wameshaanza kutulia, kicheko chako kikasikika karibu peke yake, na mkubwa akakuona. Ungecheka pamoja nao ningesema kimekuponyoka, nani hajawahi kuponyokwa na kicheko? Lakini ulipata nafasi ya kufikiri, ukafikiri, ukaamua.

Na hesabu zenyewe kweli hazikuoana! Zilikuja kurekebishwa kimyakimya, na hakuna aliyekumbuka nani alisema kwanza. Ukanifuata koridoni: "Usiyaweke moyoni, dada, ni utani tu." Kwa ile sauti yako.

Leo unaniambia niache kusahihisha watu. Heidi Roizen ni mwanamke aliyejijengea jina katika biashara ya teknolojia huko Silicon Valley. Mwaka 2003 Frank Flynn, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, aliwapa wanafunzi habari za mama huyo wazisome. Wengine wakapewa habari ile ile, ila jina limegeuzwa kuwa Howard. Wakawaona wote wawili hodari sawasawa. Howard ndiye waliyetamani kufanya naye kazi, Heidi wakamwona mbinafsi. Kwa hiyo wewe, mwanamume, ukikosoa hesabu, wewe ni makini. Mimi nikikosoa, nina kidole. Na hiyo dawa ya kutabasamu nimeshaijaribu. Nikitabasamu wananiuliza kuna nini.

Sasa zamu yako kushauriwa, maana ushauri wako nimeusikia. Umekuwa mkuu wa idara, hongera, nilifurahi kuliko ulivyofikiri. Ila huko juu tabia yako ya kumkubalia kila mtu haitakubeba. Najua unavyofanya watu wawili wakikuletea ugomvi: kila mmoja anatoka mlangoni akiamini uko upande wake. Wiki ya kwanza wanakusifu wote. Siku watakayokaa pamoja na kulinganisha ulichomwambia huyu na ulichomwambia yule, utakijua kilichomtoa kanga manyoya. Kupendwa kwako na wote kuna mtu hulipia, mdogo wangu. Kwenye kile kikao nililipa mimi. Sasa una vijana chini yako, na mkubwa wa juu yako naye atakuwa na utani wake.

Mtu akitoka mezani kwangu anajua nimesema nini. Ananinunia, lakini anajua. Ndiyo maana kazi ikiharibika usiku wa manane simu inaita kwangu. Kwenye sherehe zao hawanialiki, wananipigia. Unipe jina la hilo, kama si kupendwa. Na sijawahi kumcheka mtu ambaye jioni nitakula naye meza moja.

Kama ni lazima nijifunze kupendeka, basi nichague mwalimu. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alipokuwa karani wa bunge la Pennsylvania, kulikuwa na mjumbe mmoja aliyempinga waziwazi. Franklin hakumchekea wala hakumlamba miguu. Alimwandikia akimwomba amwazime kitabu chake adimu kwa siku chache. Akaletewa mara moja, akakirudisha baada ya kama wiki moja pamoja na maneno ya shukrani. Walipokutana tena bungeni yule bwana akamsemesha kwa adabu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, na urafiki wao ukadumu mpaka kufa. Amesimulia mwenyewe katika tawasifu yake.

Wewe hujawahi kuniomba kitu tangu ukue. Unanipa tu: zawadi, pole, ushauri. Na mimi sijakuomba, kwa kiburi changu unachokijua, na ambacho bado nakitetea.

Basi nianze. Ijumaa nakutumia taarifa yangu ya mwaka. Isome kabla sijaiwasilisha, kurasa zote, uweke alama nyekundu kila unapoona nimekosea au nimekuwa mkali bila sababu. Usinisifie. Pale unapokubaliana na mkubwa wangu na si mimi, andika hivyo hivyo. Naihitaji Jumapili jioni. Kama huna nafasi au hutaki, nijibu "sitaki", usinitumie ujumbe wa sauti.

Dada yako