Barua kwa Hamisi: injini haikushindwa, reli ndiyo iliyovunjika

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Huku sote wazima, mvua zimeanza, na mama bado anakuulizia. Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba garimoshi ni kazi ya George Stephenson, yule fundi Mwingereza, na hoja imekwisha. Kwangu haijaisha. Stephenson namheshimu sana, lakini kabla yake yupo Richard Trevithick, fundi wa injini za mvuke, na wewe fundi wa vyuma ndiye hasa ninayetaka umjue.

Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren karibu na Merthyr Tydfil, Wales, injini ya Trevithick ilivuta tani 10 za chuma, mabehewa matano na watu 70 kwa zaidi ya maili 9. Ilichukua saa nne na dakika tano, kwani njiani ilibidi wasimame kukata miti na kuondoa mawe makubwa. Magurudumu yasiyo na meno yalishika kwenye chuma kisicho na meno bila kuteleza, jambo ambalo wengi hawakuliamini hata miaka kadhaa baadaye. Kilichoshindwa ni njia.

Hebu itazame njia yenyewe. Ilitandikwa kwa ajili ya farasi: vipande vifupi vya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kila kimoja kama mita moja, vyenye ukingo uliosimama upande mmoja ili gurudumu lisitoke, vikalazwa juu ya mawe. Mataruma, yaani magogo ya kukatiza chini ya reli, hayakuwepo, maana katikati ndipo farasi alipopita. Sasa pitisha hapo injini ya tani tano hivi! Chuma cha kusubu unakijua: mzigo uliotulia kinaubeba, kikipata kishindo kinapasuka kama chungu. Vipande vikavunjika kimoja baada ya kingine, na injini ikaondolewa njiani, ikapewa kazi ya kukaa mahali pamoja.

Miaka iliyofuata kila fundi alihangaika na tatizo hilohilo. Mwaka 1812 kwenye reli ya Middleton, Leeds, Uingereza, John Blenkinsop na Matthew Murray waliweka gurudumu la meno lililong'ata meno ya reli, ili injini nyepesi ivute mzigo mzito. Kule Wylam, injini ya William Hedley iitwayo Puffing Billy ilivunja njia mpaka wakaiongezea magurudumu yakawa manane, uzito utawanyike. Njia ilipokuja kutandikwa upya kwa reli imara, ikarudishiwa manne.

Dawa ilipatikana Bedlington mwaka 1820, John Birkinshaw alipopata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya reli za chuma cha kufuliwa, ndefu mara kadhaa kuliko zile za zamani. Chuma hicho hupinda kabla ya kukatika. Na hapa ndipo ninapompenda Stephenson kuliko mahali pengine popote. Yeye mwenyewe alikuwa na hataza ya reli za kusubu pamoja na William Losh, tangu 1816. Angezisifia zake angevuna fedha. Lakini wenye reli ya Stockton na Darlington walipotaka ushauri, akawaambia wachukue za Birkinshaw. Losh alikasirika na uhusiano wao ukaharibika. Reli hizo ndizo zilizotandikwa sehemu kubwa ya njia ile iliyofunguliwa tarehe 27 Septemba 1825.

Wakisimulia mashindano ya injini za mvuke ya Rainhill, Uingereza, ya 1829, watu hutaja kasi ya Rocket, injini ya akina Stephenson, na mabomba yake 25 ya shaba ndani ya boila. Ni haki yao, yale mabomba ni ufundi wa hali ya juu. Mimi macho yangu huenda kwenye masharti: injini ya magurudumu manne isizidi tani nne na nusu. Rocket ilikuwa ndani ya kipimo, Sans Pareil ya Timothy Hackworth ikazidi. Miaka 25 baada ya Penydarren, wenye reli bado walikuwa wanauogopa uzito.

Trevithick alifariki Dartford mwaka 1833, hana kitu, na mafundi wa kiwandani alikokuwa akifanya kazi ndio waliogharamia mazishi. Linaniuma hilo. Kwa hiyo vijana wako wa karakana wakikuuliza, nakuomba uanze na jina lake, umtaje Birkinshaw, ndipo umfikie Stephenson.

Niandikie pia kuhusu ile kazi yako ya kuunga chuma cha kusubu: je, mnakipasha moto kwanza kabla ya kuchomelea, au mna njia nyingine? Shemeji na watoto wape salamu zangu.

Ni mimi nduguyo,
Salum