Bill Berry hakufukuzwa, na R.E.M. hawakufa 1997

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, nimejaribu kuipotezea hii habari nimeshindwa. Wiki iliyopita kwenye burudani mlikuwa na makala ya bendi zinazokataa kufa, yani wakali wameshaondoka na waliobaki wanaendelea kula jina. Sehemu ya bendi zetu za dansi sina neno, hamahama tunaijua wote. Tatizo ni pale mwandishi wenu alipovuka bahari akaitia R.E.M. ya Marekani kwenye kapu hilo hilo, eti ilikufa 1997 baada ya mpiga dramu kufukuzwa, waliobaki wakajikokota miaka kumi na nne kwa ajili ya pesa ya lebo, mwisho wakagombana wakavunja bendi 2011. Ukiacha hiyo miaka, hakuna kingine kilichokaa sawa hapo.

Kwa vijana wasiowajua, hawa jamaa walikuwa wanne, Michael Stipe muimbaji, Peter Buck gitaa, Mike Mills besi na Bill Berry dramu. Walianzia Athens, mji wa chuo jimbo la Georgia, shoo ya kwanza Aprili 1980 kwenye bethdei ya rafiki yao ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Miaka ya themanini yote karibu walikuwa na lebo ndogo ya I.R.S., wanazunguka mji kwa mji, wanapigwa na redio za vyuo, redio kubwa haziwagusi. Roki ya indi, yani ya lebo ndogo zinazojitegemea, kabla watu hawajaizoea hiyo lugha. 1988 wakahamia lebo kubwa ya Warner, 1991 ukatoka ule wimbo wa mandolini, Losing My Religion, ambao hata asiyejua jina la bendi akiusikia anaujua.

Sasa tuje kwa Berry. Tarehe 1 Machi 1995 wako Lausanne, Uswisi, kwenye ziara ya albamu ya Monster, ziara yao ya kwanza kubwa tangu 1989. Katikati ya shoo Berry kichwa kikamuuma kiasi kwamba akashindwa kuendelea, akatolewa, dramu akamalizia mpiga dramu wa Grant Lee Buffalo, bendi iliyokuwa imewafungulia usiku ule. Kumbe mshipa wa damu kwenye ubongo ulikuwa umepasuka. Akafanyiwa upasuaji wa kichwa huko huko na Mungu si Athumani, Mei mwaka huo huo yuko stejini tena! Ziara yenyewe ilikuwa na mkosi, Julai Mills naye akapasuliwa tumbo, Agosti Stipe akafanyiwa upasuaji wa ngiri. Mtu na akili yako ukipita hapo lazima ujiulize hii kazi inanipeleka wapi. Berry akajiuliza, na 1997 akawaambia wenzake kwamba kachoka, anataka kukaa nyumbani shambani kwake.

Na hapa ndo naomba mwandishi wenu asome taratibu. Hawa walikuwa wanasema siku zote kwamba mmoja akitoka basi bendi imeisha. Berry akawaambia kama kuondoka kwangu kunaua bendi basi siondoki, nabaki. Wenzake ndo wakamkubalia kwamba wataendelea ili yeye aende kwa amani. Oktoba 1997 wakatangaza. Huyo ndo mtu aliyefukuzwa? Mtu aliyefukuzwa harudi kupiga na wenzake kila wanapopewa heshima, Berry alirudi, 2007 alikuwepo New York walipoingizwa kwenye jumba la heshima la rokenrol wakapiga wote wanne, na mwaka huo huo wakarekodi pamoja wimbo mmoja wa John Lennon kwa ajili ya albamu ya Amnesty, shirika la haki za binadamu, ya kuchangia Darfur kule Sudan. Shamba nalo alilima kweli, majani ya mifugo, sio shamba la kupigia picha.

Haya, pesa. Ni kweli 1996 walisaini upya na Warner mkataba uliotajwa kufika dola milioni 80, wakati ule ilisemwa ni kati ya mikataba minono kuliko yote ya muziki. Mkataba wa albamu tano. Ila hesabu na wewe: Up 1998, Reveal 2001, Around the Sun 2004, Accelerate 2008, Collapse into Now 2011. Tano. Septemba mwaka huo huo wa ya tano wakafunga. Mimi kwa kijijini kwetu mtu aliyelipwa kazi tano akafanya tano akaaga hatuiti tamaa.

Tena jinsi walivyogawana hiyo pesa ndo jambo ambalo makala yenu ililiruka kabisa, na kwa maoni yangu ndo lililowabeba miaka thelathini na moja. Tangu mwanzo mpaka Berry alipoondoka, nyimbo walizotunga R.E.M. ziliandikwa majina manne, Berry, Buck, Mills, Stipe, kwa mpangilio wa herufi, bila kujali nani kaleta nini. Chukua Everybody Hurts, ule wimbo wa kuliza watu wa 1992. Sehemu kubwa ya utunzi ni ya Berry, mpiga dramu, na kichekesho ni kwamba dramu unazosikia kwa muda mrefu mle ndani ni mashine, mwenyewe kakaa pembeni. Kwenye bendi nyingine hapo kungekuwa na kikao, mwenye wimbo anataka fungu lake, muimbaji anasema bila sauti yangu huo wimbo usingefika popote, mpiga gitaa kanuna. Kwao mirabaha ilikatwa vipande vinne sawa ikaisha. Na kwenye maamuzi makubwa mmoja akisema hapana basi ni hapana, wakili wao Bertis Downs alikuwa nao tangu enzi za I.R.S. Sio kwamba walikuwa malaika, meneja waliyeanza naye waliachana 1996, ila mgawo wenyewe haujawahi kuwafikisha mahakamani.

Wenzao wa Uingereza, The Smiths, bendi kubwa ya indi ya wakati ule ule, walifanya kinyume. Morrissey na Johnny Marr asilimia 40 kila mmoja, mpiga besi na mpiga dramu kumi kumi. Bendi ilidumu miaka mitano tu, 1982 mpaka 1987, halafu 1996 mpiga dramu Mike Joyce akawaburuza mahakama kuu London akidai robo yake na akashinda, Morrissey akakata rufaa akashindwa tena 1998. Mpiga besi Andy Rourke alikuwa ameshakubali kumalizana nao mapema kwa sababu alikuwa na shida ya hela, akapata kidogo, na amefariki 2023 bila ile bendi kurudi hata siku moja. Hao sasa ndo wangefaa kwenye makala yenu.

Kuhusu muziki wenyewe wa baada ya 1997, hapa tunaweza kubishana na mimi siwatetei kwa kila kitu. Stipe alisema mbwa wa miguu mitatu bado ni mbwa, ila inabidi ajifunze kukimbia upya, na ukisikiliza Up unasikia kabisa huyo mbwa anajifunza. Hawakuwa na mpiga dramu, prodyuza wao wa miaka kumi Scott Litt naye hayupo, wakajaza mashine za midundo na vinanda, studio wakakaribia kuvunjana kweli. Mauzo yakaporomoka. Ila mimi nakwambia ile ni albamu ya watu wenye msiba wasiojua pa kuweka mikono, na ndo maana inagusa, isikilize usiku peke yako halafu uje uniambie walikuwa wanafuata cheki. Mtu anayefuata cheki angeajiri mpiga dramu siku ya pili akarudia Monster.

Reveal ni ya jua jua, nzuri bila kukuumiza kichwa. Around the Sun hapana. Ile ni mbovu, polepole kila wimbo kama wa jana yake, imepigwa pigwa studio mpaka imekauka, na Buck mwenyewe baadae alisema hadharani haisikilizwi kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamechoka na zile nyimbo. Uingereza iliingia namba moja kwa mazoea, Marekani haikufika hata kumi bora. Kama mwandishi wenu angesema R.E.M. walitakiwa kuacha 2004 ningemnyamazia, hoja ipo.

Lakini waliacha? 2007 wakaenda Dublin, ukumbi wa Olympia, usiku tano, wakasema haya ni mazoezi sio shoo, wakapiga nyimbo mpya ambazo hazijaisha mbele ya watu waliolipa tiketi, wakachanganya na za zamani sana ambazo Stipe mashairi yake mwenyewe alikuwa ameshayasahau anayasoma. Watu wa umri wao, wenye hela zao, wanajianika hivyo. Kutoka hapo ikatoka Accelerate, dakika kama thelathini na tano hivi imeisha, gitaa linakata, ikafika namba mbili Marekani. Nani anajikokota hapo?

Halafu tuje kwenye kuvunjika kwenyewe. Tarehe 21 Septemba 2011 waliweka taarifa fupi kwenye tovuti yao kwamba wameamua kuacha, wakashukuru watu, basi. Mills akaeleza kwamba hakuna ugomvi wala mawakili, wamefika mahali wanaona mkataba umeisha na kitu kizuri cha kufanya pamoja wameshakifanya. Hakuna ziara ya kuaga. Na hili ndo linaloua kabisa ile hoja ya pesa, Mhariri, kwa sababu kila mtu kwenye hiyo biashara anajua hela iko kwenye ziara ya kuaga, bendi zinaaga leo, zinaaga tena baada ya miaka mitatu, viwanja vinajaa mara zote. Shoo yao ya mwisho ilikuwa Mexico City Novemba 2008 mwisho wa ziara ya Accelerate, na waliokuwepo ukumbini hawakujua kwamba ndo mwisho. Collapse into Now ilitoka 2011 bila ziara kabisa. Wale walikuwa na uwezo wa kuzunguka dunia nzima mara moja ya mwisho na kurudi na mamilioni, hawakwenda.

Mpaka leo wamekataa kurudi. Juni 2024 walikutana wote wanne New York kwenye heshima ya watunzi wa nyimbo, wakapiga Losing My Religion mmoja tu, bila makeke, Berry akiwepo, wakarudi makwao. Kwenye mahojiano ya siku zile zile wakaulizwa nini kitawarudisha pamoja, Mills akajibu labda kimondo. Wanacheka wote. Watu waliogombana hawakai kochi moja wakatania hivyo, na watu wenye njaa ya hela hawajibu hivyo pia mana ofa sidhani kama zimewahi kukauka.

Kwahiyo ombi langu ni dogo tu, mtoe masahihisho kwamba Bill Berry aliondoka mwenyewe kwa hiari yake na kwamba bendi haikuvunjika kwa ugomvi. Hayo mengine ya kusema albamu za mwisho mbaya ni maoni, aachiwe, ingawa nina wasiwasi Up hajawahi kuisikiliza. Na kama nafasi ni finyu Mhariri kata hicho kipande cha The Smiths, ila cha Lausanne na cha majina manne naomba kisiguswe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ubungo, Dar es Salaam