Punda hana kidole cha akiba

Sisi mafundi wa kukata kwato, haipiti wiki bila simu ya namna hii: "Fundi, punda wangu anachechemea tangu jana." Tukifika na kuinua mguu, tunakuta ukwato umerefuka mbele hadi ncha imeanza kupinda juu. Jana ndiyo siku aliyoshindwa kuficha maumivu. Punda ni mvumilivu mno, na uvumilivu huo ndio unaomponza.

Ng'ombe ana nafuu. Kila mguu una kwato mbili, basi mmoja ukiuma tunabandika kipande cha ubao chini ya ule mzima, na ule mgonjwa unaning'inia ukipumzika. Kwa punda na farasi hakuna pa kuhamishia uzito. Wanasimama juu ya kidole kimoja tu, cha kati. Vya pembeni vimebaki vifupa viwili vyembamba ndani ya ngozi. Jaribu kuegemea meza kwa ncha ya kidole chako cha kati, uone utamaliza dakika ngapi.

Ukwato hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Anayetembea sana kwenye ardhi kavu ya mawe huusaga mwenyewe, lakini anayeshinda zizini au kwenye majani laini anatuhitaji kila baada ya wiki 6 hadi 10. Na ukwato wa punda si wa farasi: ni mwembamba, umesimama wima zaidi, na hufyonza maji haraka kwa kuwa asili yake ni nchi kavu. Fundi anayeukata kwa mwinamo wa ukwato wa farasi anamharibu mnyama, na kazi za kurekebisha makosa hayo tunazo nyingi kuliko tungependa.

Tunachokonoa uchafu, tunanusa (ndiyo, tunanusa: uozo una harufu yake, na majimaji meusi pembeni mwa ile pembetatu laini ya chini), tunapunguza kwa koleo, tunasawazisha kwa tupa. Ukwato ulioachwa mwaka mzima hatuumalizi siku moja. Kano zimeshazoea mkao ule, kwa hiyo tunaushusha kwa awamu. Mlete na mwenzake waliyezoeana, atatulia.

Ila ukipapasa ukwato ukaukuta una moto kuliko kawaida, na mnyama anaegemea nyuma akikwepa kukanyaga, usitusubiri sisi. Mwondolee nafaka, umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.