Mnapoandika maisha ya watu wa ustawi wa jamii, andikeni na kazi yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii au mwalimu wa watu wazima anapofariki, magazeti huandika kwamba alikuwa na moyo wa huruma, alijitolea kwa wanyonge, alikuwa mama wa wote. Huenda yote ni kweli. Lakini kijana anayetamani kuifuata njia hiyo anamaliza kusoma bila kujua marehemu alikuwa akifanya nini siku ya kazi ikianza.

Mchukue Jane Addams, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi ya ustawi wa jamii, ambaye kila anayesomea kazi hii hufundishwa habari zake. Kwa kawaida tunaambiwa alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1931, na kwamba Septemba 1889 yeye na Ellen Gates Starr walifungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii ambamo wao wenyewe waliishi, katika Mtaa wa Halsted, Chicago, kwenye kata iliyojaa wahamiaji maskini. Wazo walilitoa Toynbee Hall ya London: msomi ahamie akaishi na watu anaotaka kuwasaidia, asiwe wa kuja asubuhi na kuondoka jioni. Hadi hapo ni sawa. Kinachorukwa ni taka.

Katika mitaa ile kulikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka, yamekazwa kwenye barabara. Mtoto aliyeanza kutambaa, kitu cha kwanza alichojifunza kupanda kilikuwa sanduku hilo, na watoto waliokota humo vya kula na vya kuchezea. Addams hakuanza kwa kulalamika kwa jumla jumla. Wanawake 12 wa chama cha Hull House waligawana vichochoro wakavikagua, na katika miezi miwili tu, Agosti na Septemba, idara ya afya ya jiji ilipelekewa taarifa 1,037 za uvunjaji wa sheria. Kila taarifa ilikuwa imehakikiwa. Hilo lina maana kubwa kwa anayeijua kazi hii: malalamiko yasiyotaja mahali hutupwa, na taarifa moja ya uongo huziangusha mia za kweli. Hata hivyo taka hazikuzolewa kama ilivyopaswa.

Mwaka 1895 Addams akaomba mwenyewe zabuni ya kuzoa taka za kata. Zabuni ilitupwa kwa kasoro ya kiutaratibu, lakini kelele zilizozuka zilimfanya meya amteue kuwa mkaguzi wa taka wa kata hiyo, Kata ya 19. Aliamka saa kumi na mbili asubuhi ahakikishe wazoaji wameanza kazi, kisha akayafuata magari ya farasi hadi jalalani. Kwa nini ayafuate? Kwa sababu gari likijazwa kupita kiasi humwaga nusu ya mzigo njiani, na anayesubiri ripoti ofisini hatajua. Alimbana mkandarasi aongeze magari kutoka 9 hadi 13, kisha 17, huku mkandarasi akilia hasara. Kwenye kichochoro kimoja walichimba uchafu wa inchi 18 wakakuta chini yake barabara iliyosakafiwa, ambayo watu walikuwa wamesahau kama ipo. Baadaye kata ile, iliyokuwa ya tatu jijini kwa vifo, ilishuka hadi nafasi ya saba. Addams mwenyewe hakudai kwamba ukaguzi peke yake ndio uliofanya hivyo. Alisema ni ukaguzi pamoja na sababu nyingine. Uangalifu huo wa kutojitwalia sifa nao ni sehemu ya kazi.

Mhariri, ningependa pia maisha ya watu hawa yaandikwe pamoja na yaliyowaharibikia. Hull House ilichunguza chakula cha majirani, ikaona akina mama washonaji hawana muda wa kupika msimu wa kazi ukipamba moto, wananunua vya makopo. Wakafungua jiko la umma lenye supu na mchuzi vilivyopimwa kwa uangalifu. Wafanyakazi wa viwandani waliinunua supu, lakini majumbani ni familia chache tu zilizokuja. Mama mmoja alisema wazi kwamba chakula kina lishe, ila yeye hapendi kula lishe, anapenda kula anachokipenda. Walikuwa wamepima mahitaji ya mwili, na hawakuwauliza watu wa mataifa mengi ladha walizokulia.

Kwenye elimu walifanya vizuri zaidi. Mwaka 1900 walianzisha jumba la makumbusho ya kazi, ambako wazee wahamiaji waliketi wakisokota na kufuma mbele ya watu kwa vifaa vya kwao. Kulikuwa na binti aliyekuja kila Jumamosi jioni kwenye somo la mapishi wakati mama yake akisokota uzi humo humo. Walifika pamoja, lakini binti alizunguka akaingia mlango mwingine, asijulikane kuwa ni mtoto wa mwanamke yule wa Kiitaliano aliyejifunga kitambaa kichwani. Siku moja akasikia wageni wakistaajabia mikono ya mama yake. Baada ya hapo walipita mlango mmoja. Mwalimu wa jamii alichofanya pale ni kumpa mama kiti, kijiti chake cha kusokotea na watazamaji. Hakuhutubia mtu juu ya kuheshimu wazazi.

Nimalizie na Alice Hamilton, daktari aliyeishi Hull House. Homa ya matumbo ilipolipuka mwaka 1902, kata ile ilikuwa na sehemu moja tu kati ya 36 ya wakazi wa jiji, lakini ilibeba kifo kimoja katika kila sita. Yeye na wenzake wawili walikagua makazi 2,002, vyoo na mabomba yake, na akaeleza kwamba nzi walikuwa wakibeba vijidudu kutoka vyooni. Maelezo yake yalisifiwa, yakachochea uchunguzi dhidi ya idara ya afya. Baadaye ikajulikana kwamba bomba lilipasuka kwenye kituo cha kusukuma maji, na kwa siku tatu maji taka yaliingia kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wakubwa wa afya walilificha. Hamilton alilieleza kosa lake mwenyewe kwa maandishi, bila kusukumwa.

Basi makala ya namna hii ikifika mezani kwako, mrudishie mwandishi aongeze: marehemu alihesabu nini, alitembelea nyumba ngapi, nani alimpinga na kwa maslahi gani, na ni wapi alikosea akageuza njia.

Msomaji wako